Sweta la Laptopu

Fundi Miwani aliingiza kibano ndani ya laptopu yangu akatoa kitu kama panya mdogo aliyekufa. Alikiweka juu ya karatasi, akakigeuza, akavaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakikuwa panya. Lilikuwa ni bonge la nyuzi za njano na nyeupe, zimesokotana na vumbi.

"Dada," aliniuliza, "hii mashine ulikuwa ukiivalisha sweta?"

Alicheka peke yake. Mimi sikucheka, maana rangi ile ya njano niliijua. Ilikuwa nyumbani kwetu kila pembe, kwenye redio, kwenye migongo ya viti, hata kwenye mfuniko wa birika.

"Sasa imekufa na nini?" niliuliza, kama mtu ambaye hajapata jibu tayari.

"Joto. Feni imesongwa na hizi nyuzi, ikasimama. Na matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa, sijui kwa kitu gani. Ubao umeungua. Ona hapa palivyobadilika rangi." Alinisogezea taa. "Kuitengeneza hii ni kutupa pesa. Lakini shukuru, diski yako ni nzima. Kazi zako zote zimo."

Nilikaa kwenye stuli yake bila kukaribishwa. Siku nzima nilikuwa nikiomba iwe chaja. Nilimwomba Mungu kabisa, kwa kumtajia kitu chenyewe, kwamba ee Mola, iwe chaja tu. Fundi aliichomoa diski, akaitia ndani ya kikasha kidogo chenye waya ili niweze kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, na nikaipokea kwa mikono miwili.

Ndani ya diski ile mlikuwa na mwaka wangu wote. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya upimaji ramani, na kazi yangu ya kumalizia ilikuwa ni kuchora mifereji ya maji ya mvua ya upande wetu wa mji, inapoanzia, inapozibwa na watu, na nyumba ambazo maji huziingilia. Nilikuwa nimetembea mitaa hiyo yote kwa miguu yangu, nimefukuzwa na mbwa, nimeitwa mpelelezi. Kazi ilitakiwa mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umeshavuka katikati. Asiyewasilisha anarudia mwaka mzima, ada na kila kitu. Kwetu sisi kurudia mwaka maana yake ni kuacha, na wala hakuna aliyehitaji kunielezea hilo.

Mama yangu mtaani anaitwa Mama Vitambaa. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilicho uchi. Runinga ina vazi lenye pindo la maua, jokofu lina kilemba, rimoti ina soksi yake. Mgeni akiweka simu mezani kisha akajisahau kwa mazungumzo, akija kuichukua anaikuta imeshatandikiwa kitambaa. Watu humcheka, naye hucheka nao, kisha wanaagiza na vya kwao.

Zamani hakuwa hivyo. Alianza wakati baba anaumwa kifua. Baba alikuwa amefanya kazi kiwanda cha saruji maisha yake yote, na mapafu yalipomgomea hakukuwa na la kufanya isipokuwa kukaa naye. Mama hawezi kukaa bure. Alinunua uzi wa njano, akamfumia blanketi kubwa, zito, na kila alipopita kando ya kitanda alimvutia mpaka kidevuni. Baba alipofariki watu wote walisema mama atavunjika. Hakuvunjika, alifuma. Nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba ile sindano ndiyo iliyomshikilia, kwa hiyo kwetu hakuna aliyewahi kumwambia kitambaa chake hakifai.

Laptopu nayo ikapata sweta lake, lenye vifungo vya pembeni. Nikifanya kazi nalivua, nikiondoka mama analirudisha ili vumbi lisiingie. Siku ya balaa niliiacha ikipiga hesabu za ramani, kazi ya saa nyingi, nikaenda zangu chuoni. Kioo kilikuwa kimejizima chenyewe kama kawaida. Mama alipita, akaona mashine imelala, akaivalisha na kufunga vifungo vyote. Niliporudi ilikuwa ya moto kama pasi, na haikuwaka tena.

Kwa hiyo nilijua tangu siku ile. Nilichoenda kutafuta kwa fundi ni mtu wa kuniambia kwamba nimekosea.

"Kasemaje?" mama aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Umeme, mama. Ulikatika, uliporudi ukaja na nguvu ukaiunguza."

Mimi si mwongo mzoefu. Kwa kawaida nikidanganya masikio yanapata moto na maneno yananikwama. Safari hii yalitoka laini kabisa, na hilo lenyewe lilinitisha.

"Nilijua!" Mama alipiga makofi. "Huu umeme wa siku hizi si umeme ni adui!" Alizunguka nyumba nzima akichomoa kila kilichochomekwa, hata taa ya ukumbini ambayo haikuwa na kosa. Kisha akaingia chumbani kwake akatoka na fedha yake ya kikundi. Nilikuwa naijua fedha ile. Ilikuwa ya kubadilisha mabati ya upande wa jikoni.

"Mabati yatangoja," alisema. "Ongeza na ya kwako, tafuta nyingine. Na hii mpya nitaifumia sweta la maana. La uzi mzito, na ndani naweka kitambaa cha pili, huo umeme usipenye."

"Mama, kitambaa hakizuii umeme."

"Wewe umesomea ramani, hukusomea umeme."

Uongo wangu ulikuwa umezaa sweta jingine, tena zito kuliko la kwanza.

Tangu hapo sikuwa na raha. Msimamizi wangu wa masomo, mama mmoja asiyejua utani, alinitumia ujumbe wenye neno moja, "Nasubiri." Chumba cha kompyuta cha chuo hakikuruhusu mtu kuingiza programu yake mwenyewe, na ile ya ramani hawakuwa nayo. Ikabaki kununua. Nilianza kuzunguka madukani na diski yangu mkobani, nikiupapasa mkoba kila hatua chache kama mjamzito anayehofia mimba yake. Kwa fedha tuliyokuwa nayo, mpya zenye nguvu nilizitazama kwa macho tu. Zilizotumika zilikuwa nyingi, na kila muuzaji aliapa kwamba ya kwake ilitumiwa na mtu mmoja mstaarabu aliyekuwa akiandika barua tu. Mmoja alinionyesha mashine ambayo herufi zote za kibodi zilikuwa zimefutika. Barua gani hizo, nilimuuliza, alikuwa akiliandikia taifa zima? Hakupenda.

Mwishowe niliangukia duka moja dogo la dada mmoja mwenye kucha ndefu, ambaye hakuapa kwa lolote. Aliniruhusu kuchomeka diski yangu na kujaribu kazi yenyewe pale pale mezani. Hilo peke yake lilinifanya nimwamini.

Alikuwa na mbili zilizoingia kwenye bajeti yangu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo, nyembamba kama sahani. Nikafungua ramani. Ilianza kuchora mitaa ya juu vizuri, ikafika sokoni, ikasimama, na kile kiduara cha kusubiri kikazunguka bila kikomo. Tukaizima, tukajaribu tena. Ilikwama pale pale sokoni.

"Memori yake ni ndogo," alisema dada wa duka. "Hii ni ya kuandika na kutazama video. Kwa kazi yako jaribu hii."

Ya pili ilikuwa imetumika, nene, nzito, imetoka kwenye ofisi fulani iliyobadilisha vifaa. Pembe moja ilikuwa na kovu na betri yake haikai sana. Nikafungua ramani. Ikajichora yote, mtaa kwa mtaa, mpaka mfereji wa mwisho nyuma ya shule. Nilitaka kuibusu. Hapo hapo feni yake ikaanza kuvuma, na nikaona ubavuni mwake matundu makubwa ya hewa, yamepangwa safu safu. Nilipoyatazama yale matundu niliona vidole vya mama vikifunga vifungo.

"Ile ndogo mbona haivumi?" niliuliza.

"Haina feni kabisa. Unaweza kuilaza kitandani, ukaifunika shuka, isidhurike."

Nikarudi nyumbani bila kununua. Kesho yake nikaenda tena, nikazijaribu zote mbili, nikarudi mikono mitupu. Dada wa duka alianza kuniita "mkaguzi". Hakujua kinachonisumbua, na angejua angecheka. Ile ndogo ingeweza kuishi nyumbani kwetu lakini isingemaliza kazi yangu. Ile kubwa ingemaliza kazi, kama ingeachwa iishi.

Njia ya tatu ilikuwepo, tena fupi. Nilihitaji kusema tu, "Mama, ni sweta lako." Nilijaribu kuitamka kwenye basi, kwa sauti ya chini, na mtu aliyekaa jirani yangu akasogea pembeni. Sikuweza. Kama ingekuwa ni sweta tu, ningesema. Lakini mama yangu namjua. Ukimwambia kwamba ameiziba pumzi mashine kwa kuipenda, hatabaki kwenye mashine. Atarudi nyuma mpaka kwenye kile kitanda na lile blanketi, na akifika huko sijui nani angemtoa.

Nilifikiria kuificha laptopu chini ya kitanda, lakini mama hufagia chini ya kitanda. Nilifikiria kusema chuo kimekataza masweta. Nilifikiria hata kulikatia sweta matundu kwa mkasi, kisha nikaona aibu. Mwishowe nikajipiga moyo konde: nitachukua ile ndogo. Nitaikata ramani vipande vipande, nifanye kipande kimoja kimoja, soko nitalipita kwa ujanja. Nilijua ninajidanganya. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa, na uamuzi mbaya nao ni uamuzi.

"Twende wote," mama alisema nilipomwambia nimeshachagua.

"Ni mbali, mama. Jua kali."

"Fedha yangu haijawahi kutembea bila mimi."

Akachukua mkoba wake, na kabla ya kuufunga nikaona ametia ndani futi yake ile ya mafundi cherehani, sindano ya kufumia, na bonge la uzi wa njano. Njia nzima roho yangu ilikuwa mkononi.

"Shikamoo mama," alisema dada wa duka.

"Marahaba mwanangu. Ipi hiyo?"

Nikamwonyesha ile ndogo. Mama aliitazama kwa mashaka, kwa kuwa yeye huamini kitu chenye uzito. Hata hivyo alitoa futi, akaanza kupima urefu, upana na unene. Kisha, kwa kuwa futi ilikuwa imeshatoka, akaigeukia ile kubwa pia, ambayo ilikuwa inawaka pembeni.

"Mama unapima nini?" dada wa duka aliuliza huku akitabasamu.

"Nguo yake. Umeme uliua ile ya kwanza. Hii nitaivisha."

"Mama, twende na hii ndogo," nilisema haraka. "Tumechelewa."

"Hebu subiri." Dada wa duka alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi huwezi kumnyamazisha. "Mama yangu, hizi hazitaki nguo zikiwa kazini. Lete mkono." Alimshika mama mkono akauweka ubavuni mwa ile kubwa, kwenye matundu. "Unasikia nini?"

"Upepo."

"Hiyo ndiyo pumzi yake. Ukiiziba hapa inaungua ndani kwa ndani, na kwa nje huoni kitu."

Nilikohoa, kisha nikakohoa tena kwa nguvu zaidi. Nilimtolea macho, nikatikisa kichwa. Aliniuliza kama nataka maji, kisha akaendelea.

"Juzi tu hapa, Fundi Miwani wa ng'ambo ya barabara kanipigia simu anacheka mpaka anakosa pumzi. Kaletewa laptopu imejaa nyuzi ndani. Nyuzi za njano! Ilikuwa ikivalishwa sweta, mama! Imechemka humo humo mpaka ikafa. Sasa sijui walitaka isipate mafua…"

Alicheka. Mama hakucheka. Mkono wake ulibaki pale kwenye matundu, na upepo ule ukawa unautikisa ukingo wa mkono wa nguo yake. Hakuniangalia mimi. Aliuangalia mkono wake mwenyewe, kwa muda mrefu, mpaka dada wa duka akaacha kucheka bila kujua kwa nini.

Kisha mama aliichukua futi akaikunja, taratibu, kuanzia mwisho hadi mwanzo, akaitia mkobani.

"Ipi inayomaliza kazi yako?" aliniuliza.

"Hii ndogo inatosha, mama."

"Sikukuuliza inayotosha."

"Ni hiyo kubwa," dada wa duka alijibu kwa niaba yangu, sasa kwa sauti ya chini. "Hii ndogo ilimkwamia hapa hapa mezani."

"Mpe kubwa."

Akatoa fedha akalipa bei iliyotajwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama yangu hupatana bei ya chumvi. Amewahi kupatana bei ya sindano ya hospitali. Siku ile alilipa bila neno, akapokea chenji bila kuihesabu, akatangulia kutoka.

Kwenye basi alitazama dirishani. Nilimwita, "Mama," akasema, "Naam," kwa sauti ya kawaida kabisa. Tulipofika aliingia ndani, nami nikajifungia chumbani na mashine, kwa sababu nilikuwa mwoga na kwa sababu kazi ilikuwa inaningoja.

Niliweka programu. Kila mstari uliotokea kwenye kioo niliutilia shaka. Je, kama ilifanya vizuri dukani ikagoma nyumbani? Je, kama betri ingekufa katikati? Nilichomeka diski, nikafungua ramani, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mitaa yetu ilikuwa ikijitokeza mmoja mmoja, soko likapita bila kusita, na mwishoni kabisa mfereji wa nyuma ya shule. Feni ilianza kuvuma. Nikaiagiza ipige hesabu zilizokatizwa na ule msiba, na ikakubali. Kwa mara ya kwanza tangu kwa fundi nilivuta pumzi mpaka chini. Mwisho wa mwezi ungenikuta nimemaliza.

Nikainuka kwenda kumwambia mama.

Ukumbini sikuelewa mara moja nilichokiona. Nilidhani tumeibiwa. Runinga ilikuwa imekaa nyeusi, imechubuka pembeni. Jokofu lilikuwa na kutu ambayo nilikuwa nimesahau kabisa. Viti vilionyesha sponji zilizochanika. Redio yetu, kumbe, ni nyekundu. Vitambaa vyote vilikuwa vimerundikwa katikati ya sakafu, na mama alikuwa amekaa kando ya rundo akiwa ameshika soksi ya rimoti.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeviacha vipumue."

"Redio haina feni, mama."

"Ulijua," alisema. Haikuwa swali. "Tangu kwa fundi."

"Tangu kabla ya fundi."

"Ukasema umeme."

"Nikasema umeme."

"Na mimi nikauogopa umeme siku zote hizi. Nimekunywa chai baridi, naogopa kuchomeka birika." Kidogo acheke, na mimi nikaanza kupata matumaini. Lakini alinyoosha mkono chini ya rundo akavuta kitu kizito, na kabla hakijatoka chote nilishajua ni kitu gani. Lilikuwa ni lile blanketi.

"Hili nililifuma kwa uzi wa mara mbili," alisema. "Alikuwa anahema, anaitafuta hewa, unakumbuka? Na mimi kila nikipita namvutia mpaka hapa." Aliweka mkono kidevuni. "Nikiona ameshuka nalo, namrudishia. Nilifikiri na mimi nafanya kitu. Hebu niambie wewe uliyesoma. Nilimziba?"

Nilikuwa nimekimbia siku zote hizo, nimedanganya, nimezunguka madukani, karibu ninunue mashine isiyonifaa, ili swali lile lisiulizwe. Sasa lilikuwa limeulizwa na mimi nimesimama mbele yake sina pa kujificha.

"Daktari alisema ni saruji, mama. Mapafu yalikuwa yamekwisha miaka mingi kabla ya…"

"Daktari alikuwa ananionea huruma. Nakuuliza wewe."

Nilitaka kusema hapana, upesi, kwa nguvu, jinsi mtu anavyomfukuza nzi. Lakini yeye alikuwa ameshanikamata kwenye umeme, na hapana yangu ya haraka isingemfaa kitu. Nikakaa chini sakafuni, ng'ambo ya rundo, nikatafuta kitu cha kweli. Kikaja chenyewe.

"Ile wiki ya hospitali," nilisema, "uliwahi kwenda nyumbani kuoga, mimi nikabaki naye. Muuguzi alikuja kubadilisha mashuka. Akataka kulichukua hili blanketi, akasema ni zito, si la hospitali. Baba alilishika. Unajua alivyokuwa hana nguvu hata za kushika kikombe? Alilishika kwa mikono yote miwili mpaka muuguzi akaliachia. Kisha alilivuta mwenyewe, mama. Akalivuta mpaka puani. Akaniambia, 'Linanukia mikono ya mama yako.'"

Mama alikuwa amenikazia macho.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa huwezi kusikia jina lake bila kutoka chumbani. Nikaona ningoje. Kisha nikaogopa kukukumbusha."

"Nyumba nzima hii," alisema, "tunaogopeshana tu." Akaliinua blanketi usoni, akabaki humo ndani. Mabega yake yalitikisika. Tangu mazishi sikuwa nimemwona mama akilia, nikamwacha alie, nami nikalia kwa upande wangu, bila kuzuia wala kuficha.

Kutoka chumbani kwangu tuliisikia laptopu ikivuma, imo kazini. Mama aliteremsha blanketi akasikiliza.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Inapumua."

"Kelele zake!"

"Tutazizoea."

Akaanza kupanguza uso kwa soksi ya rimoti, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kisha mikono yake ikabaki mapajani, mitupu, imetulia, na hali hiyo ilinitisha kuliko machozi. Sikuwahi kuiona ikiwa haina kazi.

"Mama," nilisema. "Mashine iache uchi. Lakini mimi sina feni. Alfajiri nikikaa pale mezani mgongo unaniganda kwa baridi, na bado nina usiku mwingi wa kukesha kabla ya mwisho wa mwezi. Nifunike mimi."

Alinitazama, akapima kama ninamdanganya tena. Masikio yangu hayakuwa na moto wowote. Alivuta mkoba wake, akaupekua, akaitoa futi.

"Geuka," alisema.

Nikageuka. Alinipima kutoka bega hadi bega, akarudia, akanung'unika kitu, kisha akapima urefu wa mgongo, na vidole vyake vikakaa shingoni mwangu kidogo zaidi ya kipimo.

"Umekonda," alisema. "Simama vizuri nipime."